Beseni la Pili

Siku ya pili ya msiba wa Papa Banza nilikaa chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliolegea, nikamsikia Papa Monga akiwasimulia watu jinsi sisi watano tulivyokataa kuongezwa mshahara. Alisimulia kama mtu aliyerudi vitani na ushindi. "Banatuletea karatasi," alisema, "ati musaini, mutapata franka elfu makumi mbili juu ya ile ya zamani. Banza anasoma, anacheka tu. Anasema, hii iko mutego. Ukipanda kidogo, Serikali itakukata kumi na tano mu kila mia, mu mushahara yote. Utabeba mizigo mingi, utarudi ku nyumba na kidogo. Njo tukakataa, bote batano. Banza alikuwa na akili, bandugu." Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Mzee mmoja aliyekuja kutoka Kaniama alisema kwamba watu wenye akili kama hiyo hawazaliwi tena. Mimi nilitazama mchanga kati ya miguu yangu, halafu nikainua macho nikatazama paa la nyumba ya marehemu: mabati mbele, nyasi nyuma. Ilikuwa vilevile miaka sita iliyopita, tofauti ni mabati matano tu. Ile hasira ya zamani, isiyo na mahali pa kwenda, ilirudi. Nikanywa maji.

Naandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la sita la msingi, na kila ukurasa hunichukua siku kadhaa. Kusema kunanishinda zaidi. Nikisimama mbele ya watu watatu, ulimi unakuwa kama umefungwa kwa kamba ya gunia. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni mambo ambayo mtu mwingine angeyasema kwa dakika mbili, wakati yakiwa bado na faida. Ngoie, binti wa Papa Banza, ndiye aliyetaka niyaandike. Nilimuuliza kama haogopi Papa Monga atayasoma. Alinijibu kwamba Papa Monga hasomi, husomewa, na anayemsomea ni yeye Ngoie, na ukurasa wowote anajua namna ya kuuruka.

Mwaka ule wa kukataa nilikuwa na miaka ishirini, nikipanga chumba cha nyuma katika nyumba ya Papa Banza, hapa Kamina, upande wa reli. Nasema chumba, lakini kilikuwa kuta tatu za matofali mabichi na ukuta wa nne wa makopo yaliyonyooshwa. Juu palikuwa na nyasi. Nyumba ile ilihitaji mabati ishirini na manne, na Papa Banza alikwisha kununua sita, akafunika sebule. Yalibaki kumi na nane. Idadi hiyo niliijua kabla sijajua majina ya watoto wake wote, kwa sababu ilitajwa kila mvua ilipoanza. Mama Ngoie, mke wake, alikuwa akipanga sufuria na ndoo chini ya matundu, na kila tone lilipopiga chuma alikuwa akisema taratibu, bila kumtazama mtu, "Kumi na munane." Papa Banza alijifanya hasikii. Usiku wa mvua sote tulihamia sebuleni, watu wanane na mbuzi mmoja, na asubuhi bukari, ugali wa kwetu, ilipikwa kwa unga ulionuka unyevu. Tulikula bukari hiyo na sombe ya majani ya muhogo, siku nzuri na ndakala, dagaa wanaoletwa kutoka upande wa Malemba-Nkulu, na Papa Banza alikuwa akisema, huku akifinyanga tonge, kwamba kabla hajafa atalala mahali ambapo mvua ni sauti tu.

Tulifanya kazi katika depo moja ya mahindi karibu na stesheni. Papa Banza alikuwa mkubwa wa kundi letu. Nyuma yake alikuwepo Papa Monga, mwenye mdomo, halafu ndugu wawili wa Kaniama ambao walisema kidogo kuliko hata mimi, halafu mimi. Malori yalileta mahindi, sisi tulishusha, tulipima, tulishona midomo ya magunia, tulipanga tukisubiri gari la moshi ambalo lingeweza kuja leo au baada ya wiki tatu. Tulishona kwa mkono hadi mwaka ule, wakubwa walipoleta mashine ya kushonea magunia. Ikabidi tufundishwe, na aliyefundishwa alitakiwa kupandishwa daraja. Mshahara ulikuwa franka elfu mia moja na sitini kwa mwezi. Ungekuwa elfu mia moja na themanini. Hesabu hizi nimezinyoosha kidogo ili msomaji asiteseke, na makato ya pensheni nimeyaacha pembeni, lakini umbo lake ni lile lile.

Karani wa mishahara alikuwa na dirisha dogo lenye nondo. Ukutani kwake alikuwa amebandika karatasi ya kodi, mistari juu ya mistari, kila mmoja ukiitwa tranche: hadi hapa, tatu kwa mia, kuanzia hapa, kumi na tano kwa mia, juu zaidi thelathini, na juu zaidi tena. Papa Banza alisimama pale na kofia mkononi akauliza, sisi na huo mshahara mpya tutakuwa wapi. Karani hakuinua hata kichwa. Alisema, "Bosi, mutaingia mu tranche ya pili. Kumi na tano." Kisha akafunga dirisha akaenda kula. Namlaumu mtu huyo hadi leo. Alichosema hakikuwa uongo. Kilikuwa nusu ya jambo, na nusu ile iliyobaki ingemchukua muda wa kumenya ndizi moja.

Mchana ule tulikula tukiwa tumekaa juu ya magunia matupu. Nakumbuka kila neno, kwa sababu ni mimi niliyeombwa kufanya hesabu. Papa Banza alisema, "Ilunga, weye ulisoma. Kumi na tano mu kila mia, ku elfu mia moja na makumi munane, inafanya ngapi?" Nilichora kwa msumari juu ya sakafu. Elfu ishirini na saba. "Na sasa banatukata ngapi?" Elfu nne na mia nane. Akatoa mwenyewe kwa vidole. Sasa tunabeba nyumbani elfu mia moja hamsini na tano na mia mbili. Tukisaini tutabeba elfu mia moja hamsini na tatu. "Elfu mbili na mia mbili chini," alisema. "Banatupandisha juu tushuke."

Papa Monga aliweka tonge chini. "Mutaona. Mashini yao itashona magunia, na sisi batatushona mifuko."

"Labda tuulize tena," alisema mmoja wa wale ndugu wa Kaniama.

"Uulize nani? Ule wa dirisha? Ule akikusalimia anakata kumi na tano."

Walicheka, na mimi nilicheka nao. Lakini kulikuwa na kitu kilichonikwaruza. Nilijiuliza: kama ni hivyo, basi mtu anayepata franka moja juu ya mstari anapigwa kuliko yule aliyebaki franka moja chini yake, na wakubwa wote wa mji huu, wenye pikipiki na koti, wangekuwa wanakimbilia chini, hakuna anayekimbilia juu. Niliwaza hivyo na nikaendelea kutafuna sombe. Papa Banza alikuwa na umri wa baba yangu, nilikuwa nalala chini ya nyasi zake, na ningeanzaje? Kisha likaja jambo baya zaidi. Wakubwa walitaka jibu kwa maandishi, na Papa Banza akasema, "Ilunga ataandika. Maandiko yake iko muzuri."

Nikaandika. Barua ile ya kukataa niliiandika kwa siku mbili, kwa wino wa buluu, kila herufi ikiwa imesimama wima kama askari. Sisi wafanyakazi watano tunashukuru, tena kwa heshima kubwa tunaomba tubaki katika daraja letu. Watu watano wakasaini, mimi wa mwisho. Karani aliipokea, akaisoma, na kwa mara ya kwanza akainua kichwa. "Nani ameandika?" aliuliza. Papa Banza alinisukuma mbele kwa fahari. "Muzuri," karani alisema, akaiweka kwenye faili. Hakuuliza kwa nini watu watano wanakataa franka elfu ishirini. Mtu akikataa maji jangwani, hata mjinga angemuuliza ana nini.

Majuma mawili baadaye nilipeleka mahindi ya Mama Ngoie kusagwa. Mashine ya kusaga ilikuwa ya Mama Sakina, mwanamke wa ukoo wa wale wafanyabiashara Waislamu waliotoka Maniema zamani, mwenye kitambaa cheupe kichwani na jicho linaloona hadi nyuma ya ukuta. Kwake hukulipa pesa, ulilipa unga, na ulilipa kwa desturi yake ambayo mji mzima uliijua. Beseni la kwanza, alichota kikombe kimoja. Beseni la pili, vikombe vitatu. La tatu na kuendelea, vikombe vitano kila moja. Sababu yake alikuwa akiisema kwa kila mgeni: "Beseni ya kwanza iko ya kula. Ya pili iko ya kuuzisha. Mwenye anakula tu, nitamukamua nini?" Watu walinung'unika, lakini hapakuwa na aliyekuwa haelewi. Wajanja waligawa mahindi yao, wakatuma watoto watatu na beseni moja moja, na Mama Sakina alikuwa akiwatazama wale watoto na kuwaambia, "Mupite moja moja, minyi nitachota kwa ukoo, kama muntu mumoja."

Siku ile mbele yangu alisimama mama mmoja mwenye mabeseni mawili, jirani yetu, mke wa fundi baiskeli. Mama Sakina akachota kikombe kimoja kutoka la kwanza, vitatu kutoka la pili. Vinne. Yule mama akafunga unga wake akaondoka, na mimi nikabaki nimesimama na beseni kichwani huku watu nyuma yangu wakiniita mdogo wao na kusema, "Petit, songa." Beseni la kwanza lilichotwa kikombe kimoja. Kuja kwa la pili hakukulifanya la kwanza lichotwe vitatu. Kila beseni lilipigwa kwa kipimo chake, na hakuna mwanamke hata mmoja Kamina aliyewahi kuacha beseni la pili nyumbani kwa kuogopa kwamba litaharibu la kwanza. Papa Banza mwenyewe, msimu wa mavuno, alikuwa akipeleka mabeseni matatu. Papa Monga pia. Walilijua jambo lote kabisa, walikuwa wakilila kila siku, na lilipoandikwa kwa nambari ukutani wakalikimbia.

Nilihesabu njiani, unga ukinimwagikia masikioni. Elfu mia moja na sitini za kwanza ni beseni la kwanza: zinakatwa tatu kwa mia, elfu nne na mia nane, kama jana, kama juzi. Zile elfu ishirini mpya tu ndizo beseni la pili: kumi na tano kwa mia, elfu tatu. Jumla elfu saba na mia nane. Mkononi zinabaki elfu mia moja sabini na mbili na mia mbili. Tungepata elfu kumi na saba zaidi kila mwezi. Na elfu kumi na saba, mwaka ule, sokoni Kamina, ilikuwa bei ya bati moja.

Nilipofika nyumbani Papa Banza alikuwa uani akitengeneza kiti. Nilisimama mbele yake. Nakumbuka alikuwa na misumari miwili mdomoni. Nikasema, "Papa." Akasema, "Eeh." Nikasema, "Unga iko hapa." Akasema, "Muzuri." Nikaingia ndani. Ukitaka kujua jinsi mtu anavyoweza kujichukia, muulize aliyebeba mabati kumi na nane mdomoni akatema habari ya unga.

Basi nikafanya ninachoweza. Nilichukua karatasi ya mistari nikaanza kuandika. Ilinichukua majuma matatu. Nilichora beseni la kwanza na beseni la pili, nikaandika ndani yake nambari, na chini yake nikaandika: Papa, beseni la pili haliharibu la kwanza. Na chini ya hapo: Inabaki elfu 17 kila mwezi. Niliharibu karatasi nne. Moja niliiandika vizuri hadi mwisho, Mama Ngoie akaweka sufuria juu yake. Majuma matatu kwa ukurasa mmoja, na kila jioni mzee yule alikuwa amekaa hatua sita kutoka kwangu, akijichokonoa meno, na sentensi moja tu ingetosha. Nikikumbuka nataka kumshika yule kijana mabega nimtikise.

Nilimpa siku ya Jumapili, baada ya misa, tukiwa wawili barabarani. Aliifungua, akaisoma akitembea, akasimama. Aliisoma tena. Kisha akaikunja mara nne akaiweka mfukoni mwa shati. "Maandiko yako iko muzuri," alisema. "Ila unaandika polepole sana." Jumatatu mchana nilimwona kwenye dirisha la karani, kofia mkononi, akiongea kwa sauti ndogo, na karani akitoa faili na kumwonyesha karatasi yenye wino wa buluu. Aliporudi, Papa Monga alimuuliza alikwenda kutafuta nini. "Viatu," alisema. "Niliuliza kama watatupa viatu." Kesho yake vijana watano wageni walianza kufundishwa mashine ya kushona. Na kesho kutwa, wakati wa kula, mmoja wa ndugu wa Kaniama aliuliza kama kweli tulifanya vizuri, na Papa Banza akajibu kwa sauti kubwa kuliko kawaida, "Tulifanya vizuri. Ukipanda kidogo, banakata yote."

Nilibaki na tonge mkononi. Nilidhani hakuelewa. Nilidhani mchoro wangu ulikuwa mbaya, au kwamba mzee alinidharau, na kwa miezi kadhaa nilimkasirikia kimyakimya, nikila chakula chake. Mwisho wa mwaka niliacha depo na kile chumba, nikaenda kufanya kazi kwa Mama Sakina, ambako nipo hadi leo, nikisaga. Nimechota vikombe maelfu kwa kipimo cha mabeseni, na kila mara ninapochota vitatu kutoka la pili namwona karani akifunga dirisha lake.

Sasa nirudi kwenye turubai. Ngoie, ambaye wakati ule alikuwa msichana wa kubeba ndoo chini ya matundu, leo anapima magunia katika depo ile ile. Juma la kifo cha baba yake walikuwa wamemwita wakamwambia kwamba anapandishwa daraja, asaini Jumatatu. Nasikia ngazi za kodi zimeguswa tangu wakati wetu, na pengine zitaguswa tena. Lakini ngazi ni ngazi, na mshahara wake mpya ulikuwa unavuka mstari kwa kidogo tu, kama wetu. Papa Monga alikuwa na habari. Ngoie alipopita na sahani, alimshika mkono mbele ya watu wote.

"Mutoto wangu, nasikia wanataka usaini."

"Njo vile, Papa."

"Baba yako alikataa. Kaburi haijakauka, na weye utaenda kuingia mu mutego alituonyesha?"

"Sijasaini bado, Papa."

"Usisaini. Umupe heshima."

Ngoie alitazama chini, akaenda. Baada ya muda alinipita nyuma na kusema, akiniita kaka, "Yaya Ilunga, kuja unisaidie mbuzi." Mbuzi hakuwepo. Alinipeleka hadi kile chumba changu cha zamani, ambacho nyasi zake zimeoza, akatoa Biblia ya baba yake, na ndani ya Biblia karatasi iliyokunjwa mara nne. "Siku mbili mbele ya kufa," alisema, "Papa aliniambia: mambo ya franka ya kazi, uliza Ilunga. Usiulize Monga. Nikamuuliza juu ya nini. Akasema, Ilunga iko polepole, lakini anafika."

Niliifungua. Yalikuwa mabeseni yangu mawili, wino umefifia. Chini ya neno langu la mwisho kulikuwa na mistari midogo ya kalamu ya risasi, imepangwa kama watu wanavyohesabu magunia yanayopita: mmoja, mmoja, mmoja. Kila mstari ulikuwa na jina la mwezi pembeni yake, kuanzia mwezi tuliokataa. Alikuwa ameweka mstari kila siku ya mshahara, bati moja, bati moja. Kwenye mstari wa kumi na nane alikuwa ameandika kwa herufi zake kubwa zinazotetemeka: PAA IMEISHA. Halafu hakuna kitu.

Kumbe alielewa barabarani siku ile ile, pengine kabla hajaikunja. Alielewa, akaenda, akaonyeshwa barua yangu nzuri, akarudi kwa watu wanne aliowaongoza kwenye hasara, na hakuweza kuwaambia. Kila mtu aliyemsifu kwa akili alikuwa akimpigilia msumari. Miezi kumi na nane aliezeka nyumba kwa kalamu, akilala chini ya nyasi. Na mimi, mwenye sentensi moja, nilikuwa nimehama.

"Sasa yaya," Ngoie alisema, "nisaini ao nisisaini?"

Niliweka karatasi mfukoni. Nilitoka nikaenda kwa akina mama waliokuwa wakipika, nikaomba mabeseni mawili ya mahindi na kikombe, nikayabeba hadi chini ya turubai, nikayaweka juu ya mchanga mbele ya Papa Monga. Sijui miguu ilitoka wapi. Watu walidhani ni desturi fulani ya msiba. Nilichota kikombe kimoja kutoka la kwanza. Nilichota vitatu kutoka la pili. Nikasema, na sauti ilinitoka kama ya mtu aliye chini ya kisima, "Ngoie, hii ya kwanza ni mshahara wa zamani. Hii ni ile wanayokuongeza. Wanachota vitatu hapa. Pale wanachota kimoja tu, kama zamani."

Papa Monga alitazama mabeseni. "Hii iko mashini ya Mama Sakina," alisema.

"Njo vile."

"Na kodi?"

"Njo vile vile, Papa."

Aliinama, akagusa mahindi ya beseni la kwanza kwa kidole, kama anayetaka kuhakikisha hayajaondoka. Niliona midomo yake ikihesabu. Ilichukua muda. Mmoja wa wale ndugu wa Kaniama, ambaye amezeeka sana, alitoa pumzi ndefu na kusema, "Kumbe." Kisha Papa Monga aliinua uso, na hakukuwa na huzuni ndani yake, kulikuwa na ghadhabu, na yote ilinielekea mimi.

"Weye uliyua hii tangu lini?"

Karatasi ilikuwa mfukoni, upande wa kushoto. Ningeweza kuitoa. Ingekuwa haki yangu, na majuma matatu ya mwaka ule yangepata malipo yake. Ngoie alikuwa amesimama nyuma ya Papa Monga na sahani mikononi, akinitazama.

"Tangu mwaka ule," nilisema.

"Mwaka ule? Na ukanyamaza? Banza masikini anatuongoza bila kuyua, muntu muzuri, muntu wa akili, na weye mwenye ulisoma unakula bukari yake unanyamaza?"

"Nilinyamaza, Papa."

"Miaka sita."

"Njo vile."

Waliniambia mengi. Yule mzee mgeni aliyetoka Kaniama alisema vijana wa siku hizi wana ubinafsi. Mtu nisiyemjua kabisa, aliyekuja kwa ajili ya chakula tu, alisema yeye angekuwa na akili kama hiyo angeitangaza sokoni. Nilikaa kwenye kiti changu kibovu. Ngoie aliniletea sahani, na chini ya bukari alikuwa ameficha samaki mzima.

Jumatatu alisaini. Tangu hapo ananunua bati kila anapolipwa, wakati mwingine mawili, na Jumamosi nafunga mashine mapema naenda kumsaidia kuezeka. Mama Ngoie hukaa uani akihesabu kwa kurudi nyuma. Juzi alifika nne. Papa Monga naye huja, amejiteua mwenyewe kushika ngazi. Hanyamazi. Nikiwa juu, namsikia kutoka chini: kama ungesema, Ilunga, leo minyi ningekuwa na nyumba ya mabati mbele na nyuma, kama ungefungua kinywa mara moja tu, muntu gani anayua kintu na anakaa nacho miaka sita.

Jumamosi iliyopita alisema hivyo mara nne kabla ya saa sita. Mara ya nne nilishuka vidato viwili vya ngazi, nikamtazama, na nikamwomba misumari.